Fulana ya Mke Mwenza

Mke mwenza wangu aliingia nyumbani miaka minne iliyopita akiwa ndani ya begi jeusi, na tangu siku hiyo analala juu ya stuli, upande wa kitanda anaolalia mume wangu. Hali, hanywi, na akianza kusema hachoki. Ni kompyuta, laptopu ya kawaida tu, ila ina sauti ya mwanamke inayomsomea Mwinshehe kila kilichoandikwa ndani yake.

Mwinshehe ni mwalimu wa historia katika sekondari moja hapa Kilosa, na haoni. Presha ya macho ilimchukua jicho la kushoto, mwaka uliofuata ikamalizia la kulia. Watu wakamshauri akae nyumbani afuge kuku. Yeye akajifunza upya kuandika kwa kupapasa vitufe, akarudi darasani na huyo bibi wake kwenye begi.

Cheo cha mke mwenza nilimpa mimi. Naitwa Mwanakheri, nyumbani Mama Shamimu, na wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna breki. Umekaa sebuleni kwako, chumbani mwanamke anazungumza Kiingereza na mumeo asubuhi mpaka jioni, na wewe uliishia darasa la saba. Utamwita nani? Mwinshehe alicheka siku ile mpaka akakohoa, na jina likabaki.

Nasimulia haya kwa sababu nimejaa shukrani, na mimi kitu kikinijaa lazima nikiseme.

Mwaka huu, Form Four wakiwa wanajiandaa na moko, ule mtihani wa majaribio, mke mwenza alikata kauli. Alianza kwa kugonga ndani kwa ndani, tok, tok, tok, halafu akanyamaza kabisa. Fundi wetu wa Mikumi, Vitalis, alitusikiliza kwenye simu akasema hiyo ni diski, imekufa, itabidi aagize mpya. Kuagiza kukachukua wiki mbili.

Katika wiki hizo mbili nilijaribu kumsomea mimi. Vitabu vya sekondari ni Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kwenye makopo ya maziwa. Nilikuwa namtajia herufi moja moja, yeye anaziunganisha kichwani, na mpaka tumalize mstari mmoja maharage yameungua. Siku ya tatu akanishika mkono akasema, "Basi, Mama Shamimu. Pumzika." Akaacha kwenda shule. Akawa anakaa na mimi sebuleni, amenyamaza.

Alhamisi ya wiki ya pili alikuja mkuu wa shule, Mwalimu Herman. Mtu mpole, simchukii, lakini siku ile nilitamani nimchukie. Alisema, "Mwalimu mwenzangu, unajua ninavyokuheshimu. Lakini watoto hawana mwalimu na moko inabisha hodi. Kama Jumatatu asubuhi hujarudi na kifaa chako, Form Four nitamkabidhi mtu mwingine mpaka mwisho wa mwaka. Wewe utanisaidia pale maktaba."

Maktaba! Mtu asiyeona, aliyepoteza sauti ya kumsomea, mnampeleka akakae katikati ya vitabu! Chai niliyokuwa nimeibandika kwa ajili ya mgeni niliiacha hukohuko jikoni. Mwinshehe yeye alijibu, "Sawa, mkuu, nimekuelewa." Alipobaki peke yake niliona vidole vyake vinabonyeza goti kama anaandika.

Sasa niwaambie kuhusu fulana. Nyumbani kwangu kila kitu kinavaa. Televisheni ina kitambaa cha kufuma, redio ina chake, chupa ya chai ina sketi, na rimoti mpaka leo iko ndani ya nailoni iliyokuja nayo dukani. Jirani mmoja alipokuja kutupa pole alisema kompyuta zinauawa na vumbi, na vumbi la kwetu wakati wa kiangazi unalijua. Nikamtazama mke mwenza pale kwenye stuli. Miaka minne nyumbani kwangu, na yeye peke yake alikuwa uchi. Nilijisikia vibaya. Nikachukua kulabu na uzi, wa zambarau na wa njano, nikaanza kumfumia.

Jioni zile tulikuwa tunakaa wawili sebuleni, mimi nafuma, yeye ananiuliza, "Umefika rangi gani?" Namwambia, "Njano." Anakaa kidogo. "Na sasa?" "Bado njano." Ikatoka fulana nzuri, nene, inayofunika tumbo lote la chini na mbavu zote, ikaacha uso na vitufe tu.

Ijumaa Vitalis alituita Mikumi, diski imefika. Kijana ana meza yake karibu na stendi, malori ya barabara kuu yanapita yakiitikisa.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Tumekuletea mgonjwa."

Kabla ya kumkabidhi nilimvua fulana nikaikunja kwenye mkoba, maana kwa daktari mgonjwa huvuliwa. Vitalis akafungua skrubu, akatoa diski ya zamani, akaweka mpya, nyembamba kama biskuti. Akatueleza kwamba diski mpya haina kitu ndani, kwa hiyo lazima iwekewe mfumo wote upya, ndicho mafundi wanachokiita kupiga windo, yaani kuweka Windows, na mfumo uko kwenye flashi hii hapa, pamoja na nakala ya vitabu vya mwalimu. Akachomeka flashi. Kabla hajabonyeza kitu, umeme ukakatika mtaa mzima.

Tulisubiri mpaka jioni. Betri yetu imezeeka, bila chaji haikai dakika mbili. Basi letu likawa linapiga honi, hakuna aliyejua umeme utarudi lini, na Vitalis Jumapili alikuwa anapanda milima ya Vidunda kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka yake. Akanipa flashi na karatasi aliyoandika kwa herufi kubwa, kila neno nitakaloliona kwenye kioo na kitufe cha kubonyeza likitokea.

"Kazi ngumu imeisha, mama. Hapo kumebaki kubonyeza tu. Ukikwama nipigie, saa yoyote."

Nilirudi Kilosa na furaha ya ajabu. Usiku uleule, kabla ya kulala, nilimvisha mke mwenza fulana yake, na kwa heshima ya ile diski mpya nikachukua sindano nikaishona kabisa, pande zote, nikaacha tundu la chaji na tundu la flashi. Nikajisemea, vumbi litakaloingia humu litakuwa limesomea.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilifuta meza, nikachomeka chaji, nikachomeka flashi, nikaweka karatasi mbele yangu. Mwinshehe alikaa pembeni, mikono magotini. Nikalinganisha maneno herufi kwa herufi, nikabonyeza, namba zikaanza kupanda.

"Asilimia tano," nikamwambia. "Kumi. Kumi na nane."

"Endelea kunitajia."

Nikamtajia. Namba ndizo ninazozijua. Tulipofika hamsini alianza kutikisa mguu, kama afanyavyo timu yake ikikaribia goli. Sitini. Sitini na mbili.

Sitini na mbili.

"Na sasa?" akauliza baada ya muda.

"Bado sitini na mbili."

Nusu saa nzima ilikuwa sitini na mbili. Ukisogeza mshale hausogei, ukibonyeza kitufe haisikii. Nikampigia Vitalis. Akasema nikibane kitufe cha kuwashia mpaka izime, niwashe tena palepale, nianze upya. Nikaanza upya. Safari hii ikaganda arobaini na moja.

"Hamishia flashi tundu la upande wa pili, mama. Huenda hilo tundu lina kutu."

Tundu la upande wa pili lilikuwa ndani ya fulana. Sikumwambia. Nilichukua kulabu nikatoboa kidogo, flashi ikaingia. Ikapanda, ikaganda kumi na tisa.

Hapo damu ilinichemka. "Vitalis, umetupa diski mbovu!"

"Mama, hiyo diski nimeifungua kwenye boksi mbele yako. Hebu niambie, kompyuta umeiweka wapi? Isije ikawa iko kitandani, au juu ya mto."

"Iko mezani! Unadhani sina meza?"

"Chini yake kuna kitu?"

"Kuna meza!"

Wallahi sikumdanganya. Mtu akikuuliza umekalia nini utamwambia kiti, hutamwambia nimekalia gauni. Fulana kwangu haikuwa kitu kilichowekwa chini ya kompyuta. Ilikuwa nguo yake.

Nikazima, tukaswali adhuhuri, tukala wali na mchicha. Mwinshehe alikula matonge mawili akanawa. Saa nane nikawasha tena, na moyo wangu ukaruka, maana namba zilipanda vizuri, arobaini na moja ikapitwa, hamsini ikapitwa, nikawa nasoma kwa sauti ya kuimba. Sitini. Ikaganda.

Nikampigia Vitalis tena. Nilisikia malori yanapita kwake. Mwishowe akasema taratibu, "Mama, nisikufiche. Huenda kweli diski ina shida. Jumatatu mniletee niibadilishe."

"Jumatatu!" nikapiga kelele. "Jumatatu saa mbili asubuhi darasa lake linagawiwa! Unamwambia mume wangu nini, akalinde makabati?"

"Mama Shamimu," Mwinshehe akasema, "weka spika, halafu nijibuni maswali yangu."

Nikaweka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anavyofanya anaposahihisha kazi za wanafunzi kwa masikio.

"Mara ya kwanza iliishia ngapi?"

"Sitini na mbili."

"Ya pili?"

"Arobaini na moja. Ya tatu kumi na tisa."

"Ukawa unaiwasha papo hapo, bila kupumzika?"

"Ndivyo alivyosema fundi."

"Halafu tukaswali, tukala, imezimwa zaidi ya saa nzima. Ikaenda mpaka ngapi?"

"Sitini."

"Vitalis," akasema, "diski mbovu ikipumzika inapona?"

"Hapana, mwalimu. Ingekuwa flashi mbovu au diski mbovu, ingeelekea kukwama palepale kila mara." Sauti ya Vitalis ilianza kubadilika. "Hiyo inachemka. Inapata joto, inaganda. Lakini jana nimesafisha feni mwenyewe, na matundu ya hewa yako wazi kabisa, pale chini na ubavuni..."

Mwinshehe alisimama, akapapasa ukingo wa meza, akaufikia mkono wangu, akavuka, akaiwekea kompyuta kiganja. Akakiondoa haraka. Kisha akakirudisha na kukipitisha pembeni, polepole, kwenye mishono yangu.

"Mama Shamimu," akasema kwa sauti ya chini sana, "bado imevaa?"

Simu ikadaka. "Imevaa? Mwalimu, imevaa nini?"

Mwinshehe aliniachia niseme mwenyewe.

"Fulana," nikasema.

"Fulana gani, mama?"

"Ya uzi. Nimemfumia mimi. Nimeishona."

Vitalis hakucheka kwanza, namshukuru kwa hilo. Aliuliza kama fulana imefunika chini, nikasema ndiyo, kama imefunika ubavuni, nikasema ndiyo, kama ni nene, nikasema nene sana, nzi hapiti. Halafu akashindwa kujizuia. "Jamani mama! Mwenzio umemfunga blanketi la baridi ya Lushoto halafu unamkimbiza mbio! Ulitaka kumuua?"

Alikuwa anatania, kwa kuwa jina la mke mwenza analijua na yeye. Lakini utani ule uliniingia kama mwiba. Nilikimbilia jikoni nikasimama mbele ya jiko lililozimika, nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimwelekeze nani. Wiki mbili nafuma. Wiki mbili mume wangu anauliza rangi. Na asubuhi nzima mimi ndiye niliyekuwa naliziba darasa lake pumzi.

Niliporudi nilikuwa na mkasi. Mwinshehe alisikia unavyolia.

"Usikate. Fumua mshono taratibu, wakati tunao."

"Wakati hatuna," nikasema, nikakata kuanzia shingoni mpaka chini.

Vitalis akasema tuiache ipoe kwanza, kisha tuinue kidogo hewa ipite chini, tuweke vizibo vinne vya soda, kimoja kila kona. Nilitoka mwenyewe, mama mzima na kanga yangu, nikainama mbele ya genge la Joha nikaokota vizibo kwenye vumbi. Joha akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia akili, lakini karibu naipata.

Baada ya swala ya alasiri nikaiwasha. Ilikuwa uchi, juu ya vizibo vinne, na kwa mara ya kwanza siku ile nikasikia feni yake inavuma vizuri. Mwinshehe alisogeza kiti karibu. Kumi na tisa ikapita. Arobaini na moja ikapita. Tulipofika hamsini na tisa niliacha kutaja, nilishindwa.

"Nitajie," akasema.

"Sitini. Sitini na moja. Sitini na mbili."

Akanishika kifundo cha mkono.

"Sitini na tatu," nikasema, na kuanzia hapo nilikuwa napiga kelele, nadhani mtaa mzima ulijua tuko asilimia ngapi. Ilipotimia mia ikajizima, ikajiwasha, ikaleta kioo cha bluu chenye maswali. Vitalis, aliyekuwa bado yuko nasi kwenye simu, akanitajia vitufe vitatu vya kubonyeza kwa pamoja. Mara ya kwanza nikakosea. Mara ya pili nikapata.

Mke mwenza akasema.

Alisema maneno mengi ya Kiingereza, haraka haraka, kama kawaida yake. Mwinshehe akaanza kucheka bila sauti, mabega tu, na machozi yakawa yanamtiririka, na mimi nikalia juu ya kilio chake. Sijapata kumsikia mwanamke anayemwombea mke mwenza apone, lakini mimi nilimwombea siku ile nzima, na nilipomsikia nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikamshukuru na Vitalis, nikamwombea mke mwema, watoto, na umeme usiokatika. Akasema, "Amina mama, anza na umeme."

Jioni, maswali yote ya kioo yalipokwisha na tukabaki wawili, nilimwambia Mwinshehe kitu ambacho sikuwa nimekisema hata kwangu mwenyewe. Nilimwambia kwamba katika zile wiki mbili kulikuwa na jioni ambazo nilifurahi. Nyumba kimya, yeye ananisikiliza mimi peke yangu, ananiuliza rangi. Na kwamba Vitalis aliposema nilitaka kumuua, niliogopa asije akawa amesema kweli.

"Hata mimi zile jioni zilinipendeza," akasema. "Nilikuwa najua uko njano au zambarau kabla hujasema, kwa unavyovuta uzi. Lakini wiki ya tatu ingenimaliza."

"Najua."

"Ndiyo maana ulikata kwa mkasi."

Akaomba hiyo fulana. Nikampa ikiwa imepasuka. Akaipapasa mpaka akapata mahali nilipokata, akasema niipinde kingo, itatandikwa juu ya stuli, na mke mwenza atawekwa juu yake usiku akiwa amezimwa na amepoa. Nikaipinda usiku uleule. Siku hizi Vitalis, mteja akimfikia na laptopu, kabla ya swali lolote anamuuliza imevaa nini. Anasema ameshawakuta wengine watatu, kwa hiyo sikuwa mjinga peke yangu, na kwa hilo pia nashukuru.

Jumatatu nilimshika mkono Mwinshehe mpaka getini. Mwalimu Herman alikuwa amesimama hapo na daftari la ratiba. Alilitazama begi, akamtazama Mwinshehe, akalifunga daftari.

"Karibu darasani, mwalimu," akasema, na niliona amefurahi kweli. Nikamsamehe ile maktaba. Akija tena atakunywa chai.

Nilipaswa kurudi nyumbani. Sikurudi. Nilizunguka nyuma ya darasa nikasimama dirishani. Watoto walisimama wote, "Shikamoo mwalimu!" kwa nguvu kuliko kawaida. Mwinshehe akaitikia, akafika mezani, akatia mkono kwenye mfuko wa shati. Akatoa vizibo vinne vya soda. Akavipanga kimoja kimoja kwa kupapasa, akipima kona kwa vidole, darasa zima linamtazama, kisha akamtoa mke mwenza kwenye begi na kumweka juu yake taratibu.

Akabonyeza, na sauti ikaanza kusoma. Mwalimu akawa anaisimamisha, anaeleza, anaiendeleza. Mimi nilikaa nje pale dirishani mpaka kengele ilipogongwa, nikimsikiliza yule mwanamke akimsomea mume wangu. Sikuelewa alichosema, na sikutaka anyamaze.